Mgonjwa aulizwe kabla majibu hayajatoka

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Daktari akijua mgonjwa hatapona, amwambie mgonjwa au aiambie familia?" Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Nahudumia watu ambao ugonjwa wao hauna tena dawa ya kuuponya, wengi wao wakiwa na saratani. Jibu langu ni kwamba mgonjwa ndiye aulizwe, tena mapema, siku ile ile anayokatwa kinyama cha kupimwa. "Baba, majibu yakitoka ungependa uambiwe mwenyewe, au kuna mtu wako unataka tuongee naye?" Siku hiyo swali halimtishi mtu, maana hata sisi hatujui kitu. Likija baada ya majibu, mgonjwa anamtazama nesi usoni na jibu ameshalipata.

Tena siku hiyo kikao cha koridoni bado hakijakaa. Kikao hicho nakifahamu vizuri. Mtoto mkubwa anakuvuta pembeni: "Sista, tunakuomba, mzee asijue. Akijua tu, kwisha." Siwalaumu hata kidogo. Wanampenda, na wanaamini kwa dhati kwamba matumaini ndiyo yanayomshikilia. Wapo pia wagonjwa wanaotaka iwe hivyo. Mama mmoja nilipomuuliza alijibu, "Mwambieni kaka yangu. Mimi niacheni na tasbihi yangu." Tukamwambia kaka yake, na mama hatukumgusia tena. Ni haki yake, na aliitamka kwa mdomo wake.

Ninachokipinga ni familia kumwamulia mtu mwenye akili zake timamu. Nilimhudumia nyumbani mzee mmoja mvuvi, ambaye watoto wake walikuwa wamekubaliana kumwambia ana vidonda vya tumbo. Mzee huyo huyo alikuwa ameshapigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, mahali ambapo Mtanzania yeyote anajua panatibiwa saratani. Watoto wakisema vidonda, naye anaitikia, "Eeh, vidonda." Alasiri moja mkewe ameingia ndani kuswali, mimi nampimia mofini, dawa yake ya maji ya kutuliza maumivu makali, kwenye bomba la sindano, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, Ramadhani nitaifikia?" Nikamwuliza, "Wewe mwenyewe unaonaje, baba?" Akasema haoni kama atafika. Halafu yakatoka yote. Mashine ya boti aliichukua kwa mwenzake, nusu ya fedha hajamalizia, na karatasi hakuna. Kiwanja anachokaa mke mdogo, watoto wa mke mkubwa wanadhani ni cha kugawana. Akamalizia kwa kuniomba, "Wanangu usiwaambie kama najua. Wataumia."

Huku wanamficha, kule anawaficha, na deni la watu limekaa pale pale. Ilibidi niongee naye zaidi ya mara moja mpaka akaruhusu waitwe. Walipomzunguka kitandani hakutaja saratani hata mara moja. Alisema, "Nimechoka, na ninadaiwa." Akamtaja anayemdai, akaeleza habari ya kiwanja, kisha akawaomba radhi, nao wakamwomba. Sisi watu wa pwani hatuanzi mikono mitupu katika jambo hili. Madeni, wasia na radhi tumelelewa navyo, na Mwislamu anahimizwa aandike wasia wake angali mzima. Si lazima mazungumzo yaanze na jina la ugonjwa.

Wapo watakaosema kumweleza mgonjwa ukweli ni mambo ya Wazungu. Basi wajue kwamba mwaka 1961 madaktari walipoulizwa kule Chicago, karibu asilimia 90 walisema hawapendelei kumwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Madaktari wengine wa Marekani walipoulizwa hivyo hivyo mwaka 1979, asilimia 97 walisema wangemwambia. Ni miaka 18 tu. Kuna na utafiti uliochapishwa mwaka 1995, ulioulizia wazee 800 wa Los Angeles kama mgonjwa aambiwe kuwa saratani yake imesambaa. Wenye asili ya Ulaya waliosema ndiyo walikuwa asilimia 87, wa Korea asilimia 47. Wengi huzitaja takwimu hizo kuonyesha kwamba Wakorea hufichana. Mimi nashangazwa na ile karibu nusu iliyosema aambiwe. Ukimkadiria mzee wa Kikorea kwa asili yake, utamkosea kama mara moja katika kila mbili, na sioni kwa nini Mdigo au Mchaga akadiriwe.

Kazi nyingine iko kwenye kundi la WhatsApp la familia. Aliyeko Muscat anataka mzee apelekwe India. Aliyeko Minneapolis anasikia mofini, anashtuka, anadhani mzee anamalizwa. Hawajauona usiku ambao mzee hakulala. Mofini ikianzwa kwa dozi ndogo, ikatolewa kila baada ya saa nne na kuongezwa kwa kufuata maumivu, haimuui mgonjwa. Inampa usingizi, na akiamka anaweza kuongea na watu wake. Huwa naomba mgonjwa amteue mmoja wa kuzungumza nasi, na walio mbali wapigiwe simu ya video tukiwa pale kitandani, wasikie pamoja na wenzao. Nanyi mnaouguza huko Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kuwapa mkalimani bila malipo. Daini haki hiyo. Msimwachie mtoto wa shule kumtafsiria bibi yake kwamba matibabu yamefika mwisho.

Kwa wakuu wa hospitali zetu nina ombi moja. Faili la mgonjwa lina nafasi ya dini, umri, makazi na ndugu wa karibu. Ongezeni mstari mmoja: majibu aambiwe nani, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na ujazwe siku ya kwanza anapofunguliwa faili.