Kipeo, kipeuo au logi?

Swali: Katika mlinganyo 3ˣ = 50, mwenzangu anasema tunatafuta "kipeuo", mimi nasema "kipeo". Nani yuko sahihi? Na tuseme "chukua logi" au "tafuta logi"?

Jibu: Umepatia wewe. Hiyo x imekaa juu, begani mwa 3, na namba ya mahali hapo huitwa kipeo. Neno hili ni la ukoo mmoja na kupea, yaani kufikia kilele, na upeo. Mwenzako kateleza kwa herufi moja, ila herufi hiyo ina kazi nzito: ni ile u ya kutengua tunayoisikia katika funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Kipeo hupandisha, kipeuo hurudisha. Ukiipa 3 kipeo cha 2, unapata 9. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3.

Kipeuo nacho kina mlinganyo wake. Ukipewa x³ = 50, unachokijua ni kipeo, na namba ya chini ndiyo iliyofichwa. Unatafuta kipeuo cha tatu cha 50, ambacho ni karibu 3.684. Katika 3ˣ = 50 mambo yamegeuka: ya chini unaijua, kipeo ndicho kimefichwa, na wa kukifichua ni logi. Jibu ni karibu 3.561. Kumbe logi yenyewe ni kipeo! Logi ya 100 kwa besi (ile namba ya chini) ya 10 ni 2, kwa kuwa 10² ni 100.

"Chukua logi" siipendi. Mtu huchukua kilichopo tayari. Logi hutafutwa, iwe kwenye jedwali au kwenye kikokotoo. Sema "tafuta logi ya kila upande".

Ukishazitafuta, kipeo hushuka: x × logi 3 = logi 50, zote kwa besi ya 10. Hapo naomba sana ulimi usiwe mvivu. Wengi husema "gawanya logi ya 50 kwa 3", na anayewasikiliza akifuata neno kwa neno atapata 0.566. Tamka yote: gawanya logi ya 50 kwa logi ya 3, yaani 1.6990 kwa 0.4771.

Logi ni kifupi cha logarithimu, jina alilolitunga Mskoti John Napier, aliyechapisha majedwali yake mwaka 1614, kwa maneno ya Kigiriki logos, uwiano, na arithmos, namba. Kwetu limeingia ngeli ya I-ZI: logi hii, logi hizi. "Malogi" hapana.