Kula Peke Yako Tokyo Si Uchoyo

Juzi dada mmoja wa Tanga, aliyepata ufadhili wa kwenda kusoma Tokyo, kaniandikia inbox: "Kaka, hivyo viduka vya rameni unaingiaje peke yako? Sitaonekana kituko?" Nilicheka. Halafu nikakumbuka niliyosemwa kule, hamu ya kucheka ikaniisha.

Mimi nilikuwa mtu wa Takadanobaba, mtaa wa wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Waseda. Rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, pale ni kila kona. Kiduka chenyewe chembamba kama korido: kaunta moja, stuli zimebanana, mgongo unakaribia ukuta, na nje kuna foleni inayokusubiri umalize. Mlangoni kuna mashine. Unatumbukiza hela, unabonyeza kitufe, inatoka tiketi, unaiweka kaunta. Kama kusoma kunakushinda, bonyeza cha juu kabisa kushoto. Mara nyingi ndiyo rameni inayolipa jina duka. Na utembee na noti za yen 1,000 na sarafu. Noti mpya zilipotoka Julai 2024, mashine nyingi za zamani zilizikataa, watu na hela zao mkononi wakabaki wanatazamana.

Kisha unakaa, unamtazama mpishi. Anatoa tambi kwenye maji yanayochemka, anakung'uta kile kichujio chenye mpini mara mbili tatu kwa nguvu, anazimimina kwenye supu, anazinyoosha kwa vijiti zilale upande mmoja. Juu anapanga vipande vya nyama, yai ambalo kiini chake bado laini, na majani ya vitunguu. Bakuli unapewa kwa juu ya kaunta, mvuke unakuvaa usoni, miwani inaingia ukungu. Hapo usipige picha kumi. Tambi zinaendelea kulainika ndani ya supu, kwa hiyo kula upesi, na ukizivuta kwa sauti hakuna atakayegeuka. Nyumbani mama angekutoa mezani!

Sasa lililoniuma. Wenzangu wa bwenini, Watanzania wenzangu, walinipachika jina la mchoyo, eti najificha nikila. Mmoja akalisema kwenye sherehe ya Uhuru mbele ya watu, wakacheka wote, na mimi nikacheka nao huku sahani inanitetemeka mkononi. Sisi tumelelewa kumwambia hata mpita njia "karibu chakula", najua. Lakini mkienda kundi zima kwenye kiduka kile mtakaa wapi? Mtatawanyishwa kila mtu na stuli yake, na mkianza soga wakati bakuli ni tupu, aliye kwenye foleni atawachukia kimyakimya. Pale si barazani. Mfanyakazi aliyetoka ofisini, mwanafunzi, mzee, kila mmoja anakula lake na kuondoka, na hakuna anayemwonea mwenzake huruma.

Vijana tunaosafiri tuache kuogopa macho ya watu. Ukisubiri wa kukusindikiza utamaliza shahada kwa kula mikate ya dukani.

Kwa upande wako dada, kwa kuwa umeniambia wewe ni Muislamu: tonkotsu ni supu ya mifupa ya kitimoto, iliyochemka hadi ikawa nyeupe kama maziwa. Supu ya soya nayo usiiamini kwa rangi yake, mara nyingi nguruwe yumo, na hata penye supu ya kuku waweza kuwekewa kipande chake juu. Tafuta maduka ya halali. Mitaa ya Asakusa na Shinjuku, humo humo Tokyo, yapo.

Ukimaliza, rudisha bakuli juu ya kaunta, futa mbele yako, sema "gochisosama", yaani asante kwa chakula, toka. Bakshishi hawapokei. Bwenini wakikuuliza umekula wapi, waambie. Wakinuna, mashine iko mlangoni na hela wanazo.