Chupa 41 chini ya kitanda

Siku tunafunga semista navuta begi langu chini ya kitanda, zikatoka na chupa tupu za maji. Mimi na rumeti wangu tukaanza kuzihesabu kwa utani, zikafika 41. Na hapo ni zile zilizobaki tu, nyingine tulishaziacha madarasani, kwenye daladala za Mwanjelwa hapa Mbeya, na kule nyuma ya hosteli kwenye shimo la taka ambako zinachomwa moto na moshi wote unatuingilia dirishani.

Kinachonichekesha ni kwamba mi ndo nilikuwa naongea sana kwenye semina za mazingira. Tukiulizwa madhara ya plastiki tunatiririka, haiozi, inaziba mitaro, mvua za Novemba zikianza unaziona zinashuka mtaroni kama ziko kwenye mashindano. Afu tukitoka tu ukumbini wa kwanza kibandani ni mimi, "mama nipe ya baridi." Kwa hiyo wanachuo wenzangu tusidanganyane kwamba tunahitaji elimu, elimu tunayo, kinachotusumbua ni aibu. Ukibeba chupa yako uliyojaza geto watu wanajua bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, limekata. Wengine wanasema tusubiri serikali ipige marufuku kama ilivyofanya kwa mifuko tarehe 1 Juni 2019, haya, subirini.

Ila kuna sababu moja ya haki kabisa ya kununua maji ya chupa, watu hawayaamini maji ya bomba. Hapo sibishani na mtu, chemsha.

Kwanza hesabu. Chupa moja ya shilingi 500 kwa siku, siku 5 za vipindi, wiki 15, ni 37,500. Mi nilikuwa napiga mbili, yaani 75,000, huo ni mchele wa Kyela wa kula geto zima na wageni wanaokuja kudoea.

Sasa tunachofanya, tunachemsha usiku kwa jagi la umeme tunamimina kwenye ndoo ya mfuniko, asubuhi yamepoa yenyewe maana baridi ya Mbeya ni friji ya bure. Kuna jamaa wa fizikia alitutisha kwamba huku tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 na hayafiki 100. Ni kweli, lakini wadudu wanakufa tu, yakianza kutokota kwa nguvu yape dakika 1. Wale wa kule Makete kwenye mita 2,000 na zaidi wayape dakika 3. Jagi likijizima mapema liwashe tena, usiwe mvivu.

Halafu chupa ya kubebea, hapa nisikilize vizuri. Chupa hizi za dukani ukizigeuza chini utaona pembetatu yenye namba 1, hiyo plastiki haitaki kabisa maji ya moto. Mi Julai moja baridi ilinizidi nikajaza maji yaliyotoka kuchemka nikalala nayo ndani ya blanketi, ikasinyaa ikajikunja, usiku wa manane ikaachia kwenye godoro. Rumeti akatangaza korido nzima kwamba nimekojoa, mpaka leo kuna watu wanaamini hivyo. Baada ya hapo nikaenda Mwanjelwa nikachagua chupa ya chuma kwenye mitumba, imebonyea kidogo pembeni lakini inafunga vizuri na nnaiosha kila siku kwa sabuni. Hilo la kuosha wengi hawafanyi, unakuta chupa ina utelezi ndani mtu anasema anatunza mazingira.

Na kama mna mama wa kantini anayeelewa, muombeni aweke ndoo ya koki yenye maji yaliyochemshwa, mjaze hata kwa 100. Wa kwetu alikubali akijua tutakuja na kununua chapati, na kweli tunanunua.

Zile 41 hatukuzichoma, tulimuita kijana anayepita kuokota makopo. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 mpaka 20 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 mpaka 100, na yeye analipwa kwa kilo. Akazining'iniza kwenye mzani wake, akaangalia, akatuangalia sisi, "dah, yani chumba kizima hamjafikisha hata kilo?"