Maswali na majibu: Masahiro Kawai na pigo la kafara

Swali: Nasikia Mjapani Masahiro Kawai ana rekodi ya dunia ya besiboli ilhali hakuwa mpigaji hodari. Ni rekodi ya nini hiyo?

Jibu: Ni rekodi ya kafara. Katika besiboli, mpigaji anaweza kuutega mpira, yaani kuugusa tu kwa gongo bila kulizungusha, na kukubali kutolewa yeye mwenyewe ili mwenzake aliye kituo cha kwanza asogee hadi cha pili, ambako pigo moja safi la anayefuata huweza kumfikisha nyumbani na kuleta pointi. Kawai, aliyecheza shotistopu, yaani mlinzi wa pengo lililo kati ya kituo cha pili na cha tatu, alitoa kafara hiyo mara 533.

Swali: Kuugusa mpira tu kuna ugumu gani?

Jibu: Wengi huuliza hivyo mpaka washike gongo. Mpigaji humgeukia mtupaji, husogeza mkono wa juu hadi karibu na katikati ya gongo na kulegeza vidole, ili mti urudi nyuma kidogo unapokutana na mpira na kuufisha nguvu zake. Akikaza mkono, mpira humkimbilia mtupaji, naye hupata nafasi ya kumtoa yule mkimbiaji aliyekusudiwa kusaidiwa. Akiuinua, hudakwa hewani. Akiwa na straiki mbili, yaani amebakiwa na nafasi moja tu, mpira alioutega ukitoka nje ya mstari, basi ametolewa bure. Zaidi ya hayo, Kawai aliposimama kila mtu uwanjani alijua anachokuja kufanya, na walinzi wa pembeni walikuwa tayari kumvamia, lakini mwaka 1991 pekee alifanikiwa mara 66. Shinya Miyamoto wa timu ya Yakult Swallows, shotistopu kama yeye, ndiye aliyeipita idadi hiyo kwa kafara 67 mwaka 2001.

Swali: Timu kubwa kama Yomiuri Giants ilimtakia nini?

Jibu: Ilimchagua mwaka 1982, katika duru ya nne ya uteuzi wa wachezaji wapya, kutoka shule ya sekondari ya Okayama Minami, tena akiwa mtupaji. Baadaye ndipo alipohamishiwa ulinzi, na ulinzi ndio uliompatia ugali: alitunukiwa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mara 6. Katika kikosi kilichojaa watu wa kuuvusha mpira ukuta, aliona kazi ambayo hakuna aliyeigombania, akaifanya kuwa yake.

Swali: Kwa hiyo hakujua kupiga kabisa?

Jibu: La, hapo tutakuwa tunamwonea. Wastani wake wa kupiga maishani, yaani sehemu ya majaribio yake iliyozaa pigo safi, ulikuwa 0.266, na mipira aliyoivusha ukuta ni 43 tu katika miaka yote hiyo, lakini mwaka 1994, Giants walipotwaa ubingwa wa Japani, alipiga kwa wastani wa 0.302 na kuteuliwa katika kikosi bora cha ligi. Ikumbukwe pia kwamba pigo la kafara halihesabiwi katika wastani.

Swali: Je, ni haki kumlinganisha na Mmarekani Eddie Collins, aliyeshikilia rekodi hiyo kabla yake?

Jibu: Si haki kamili, na anayepunjwa ni Kawai. Alimpita Collins, aliyeacha kucheza mwaka 1930, tarehe 20 Agosti 2003. Lakini kwa sehemu kubwa ya enzi za Collins, Wamarekani walijumlisha humohumo mipira iliyodakwa mbali hewani huku mkimbiaji akifika nyumbani. Kafara 533 za Kawai zote ni za kutega mpira chini.

Swali: Mbona alimalizia Chunichi Dragons?

Jibu: Mwaka 2003 alikwisha kutangaza kustaafu ili awe kocha Giants, lakini meneja Tatsunori Hara alipoondoka, Kawai alibatilisha uamuzi wake na kuhamia Nagoya, mji wa Dragons. Dragons walitwaa ubingwa wa ligi yao mwaka 2004, wakautwaa tena 2006, msimu aliotundika glavu akiwa na umri wa miaka 42.