Fundi kanitengenezea waya wa plagi mbili: nikizima meni swichi niko salama?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina duka la rejareja Morogoro, limeungana na nyumba. Umeme ukikatika maziwa yanaharibika, hivyo nimenunua jenereta ya petroli ya kVA 3. Fundi kaniundia waya wenye plagi pande zote mbili: upande mmoja unaingia kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Kaniambia sharti ni moja tu, nizime meni swichi kwanza. Je, ni salama? Na mvua ikinyesha naweza kuiweka koridoni nikifungua madirisha?

JIBU: Dada yangu, zima jenereta, chomoa huo waya pande zote mbili, kisha uukate vipande. Usiuweke stoo wala usimwazime jirani.

Kila mgao unapoanza naulizwa swali hili, na kila mara anayeuliza ananiambia "lakini inawaka vizuri". Ndiyo, itawaka. Umeme hauchagui mlango wa kuingilia. Kinachoniudhi ni hiyo kauli ya "zima meni swichi kwanza", maana inampa mtu imani kwamba hatari imeshashughulikiwa, wakati hakuna kilichofungwa. Kuna kumbukumbu yako tu. Siku umesafiri na dada wa kazi ndiye anayewasha, au ni saa nane za usiku na mteja wa msiba anataka soda, nani atakumbuka?

Ukisahau, umeme wa jenereta unatoka nje kupitia mita ya LUKU hadi kwenye nguzo. Transfoma ya mtaani hushusha volti 11,000 au 33,000 hadi 400, ambazo kwa nyumba yenye laini moja ni 230. Ukiilisha kutoka chini, inapandisha kwa uwiano uleule. Mafundi hupenda kunijibu kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa, itajizima yenyewe. Mara nyingi ni kweli, inazidiwa na kuzima. Sasa chukulia mti umeangukia laini na kuikata nguzo moja tu kutoka kwako, na majirani wote wamebaki upande wa pili. Hapo haina cha kubeba, na waya ulio chini una umeme wako. Fundi wa TANESCO anatakiwa kupima na kuifunga laini ethi, yaani kuiunganisha na ardhi, kabla ya kuigusa. Mtoto anayepita kwenda shule hana kipimo. Na umeme wa TANESCO ukirudi huku jenereta inaunguruma na meni swichi haijazimwa, viwili hivyo vinagongana. Jenereta ndiyo inayoungua, pengine na petroli iliyomo.

Tuseme wewe husahau kamwe. Bado plagi ikichomoka sebuleni, meno yake yako hewani yakiwa na volti 230, na yako usawa wa mtoto anayetambaa. Tena ELCB iliyo kwenye boksi la fyuzi, yaani swichi inayokata umeme unapovuja au kumnasa mtu, haiilindi saketi hiyo ya soketi, kwa kuwa umeme unaoingilia kwenye soketi yake haupiti kwenye ELCB kabisa.

Suala la koridoni ni fupi: hapana. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na madirisha yaliyofunguliwa hayatoshi kuiondoa. Iwe nje, angalau mita sita kutoka ukutani, ekzosi ielekee mbali na milango na madirisha, juu yake paa dogo la bati lililo wazi pande zote. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikikushika, tokeni nje wote kwanza. Petroli ongeza ikiwa imezimwa na imepoa.

Kwa shida yako ya maziwa, wala huhitaji nyumba nzima iwake. Nunua ekstensheni nzito ya mpira, ya nyaya tatu, ikunjue yote, uchomeke humo friji na taa moja, nayo iingie moja kwa moja kwenye soketi ya jenereta. Ni rahisi, na haigusi kabisa nyaya za nyumba.

Ukitaka nyumba iwake, panafungwa chenjiova. Swichi hii ina nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta, na kwa umbo lake haiwezi kuunganisha viwili kwa pamoja. Kwa laini moja iwe ya poli mbili, ikate laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia). Usikubali breka mbili zilizowekwa bega kwa bega ukaambiwa "ni kitu kilekile".

Hapa ndipo vishoka, mafundi wasio na leseni, wanapopatia kula. Wanajua mteja ataangalia taa tu, zikiwaka analipa. Kwa hiyo wasomaji wote mnaojiandaa kufunga jenereta, dai leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kabla ya kuongea bei. Kisha muulize nyutro na ethi ataziunganisha wapi. Jenereta nyingi ndogo huja bila muunganiko huo, na zikiachwa hivyo ELCB ya nyumba huenda isikate mtu akinaswa. Jibu unalolitaka ni sehemu moja tu, upande wa jenereta, kabla ya ELCB, pamoja na rodi ya ethi iliyopimwa. Akicheka na kusema "hiyo mambo ya vitabuni", mshukuru na umsindikize getini.

Kazi ikiisha, subiri siku umeme umekatika, mwite awashe jenereta na aweke kipimo kwenye chenjiova upande unaotoka mita, mbele yako. Kipimo kisome sifuri. Salio la malipo mpe baada ya hapo.