Usilinganishe dawa zako na za jirani wa benchi

Ukikaa kliniki ya saratani ya matiti, hutamaliza nusu saa bila kusikia: "Mwenzangu, mbona wewe umeandikiwa vidonge na mimi dripu tu?" Mimi huulizwa sana, maana nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni. Huwa nauliza nami: majibu ya kinyama chako, kile kipande kilichochukuliwa kwenye uvimbe, yanasemaje?

Wanawake wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa uleule, hatua ileile, na bado kila mmoja ana ugonjwa wake. Mwaka 2000 mtafiti Charles Perou na wenzake walionyesha, kwa kusoma jeni za uvimbe, kwamba saratani ya matiti ina aina kadhaa. Hospitali nyingi hazipimi jeni hizo. Mtaalamu wa patholojia hupaka kinyama rangi maalumu, akatafuta vipokezi vya homoni (ER na PR), protini ya HER2, na mara nyingi Ki-67, inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika.

Yangu ni luminali A: homoni chanya, HER2 hasi, Ki-67 ya chini. Hukua polepole na huisikia dawa ya homoni. Miligramu 20 kila siku, miaka mitano au hata kumi, na joto la ghafla usiku ndilo kodi yake. Ila upole wake usikudanganye ukaacha vidonge kwa kuwa unajisikia mzima. Aina hii inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi, mara nyingi kwenye mifupa. Luminali B nayo hula homoni, lakini ina haraka zaidi, ndiyo maana wengi wake huongezewa kemo, dawa kali za kuua seli za saratani.

HER2 chanya iliogopwa sana hadi ilipokuja trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2 yenyewe, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kwa kawaida huchomwa kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na moyo hupimwa kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kwa sababu dawa inaweza kuudhoofisha. Ni ghali, ulizia bima kabla hujaanza, si katikati. Na karatasi ikisema HER2 2+, bado hujajibiwa. Kinahitajika kipimo kingine, FISH.

Wenye hasi tatu, yaani ER, PR na HER2 zote hasi, ndio hao wanaolalamika kukosa vidonge. Tamoksifeni haina cha kushika kwao. Aina hii huwapata zaidi vijana, wanawake weusi na wenye hitilafu ya jeni ya BRCA1. Ni kali, lakini kemo huipiga vizuri: wapo ambao hupewa kemo kwanza, na siku ya upasuaji uvimbe haupo tena. Hatari ya kurudi ni kubwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha baada ya mitano hushuka sana. Miaka hiyo usikose kliniki.

Sasa jambo ambalo hatuambiwi. Rafiki yangu aliandikiwa hasi tatu. Kinyama kiliporudiwa, ER ikasoma chanya. Cha kwanza kilikuwa kimechelewa kutiwa formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama. Kwetu ndugu hukabidhiwa kichupa akipeleke maabara mwenyewe, akapitia sokoni! Kinyama kiingie formalini ndani ya saa moja, dawa ikizidie kwa wingi mara kumi hivi, na kisikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Muulize daktari, usione haya. Maabara pia huhifadhi kipande chako ndani ya nta. Ukitaka maoni ya pili, omba hicho kabla ya kukubali kuchomwa tena.

Tunza nakala ya majibu hayo, wala usiridhike na "ni saratani" iliyoandikwa kwenye kadi. Ugonjwa ukirudi, ulizia kama kinyama kipya kinaweza kuchukuliwa, kwa sababu vipokezi hubadilika, na dawa ya zamani inaweza kuwa si yako tena.