Wahudumu Wanaomsemea Mgonjwa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninasimamia kikundi cha wahudumu wanaowatunza wazee na wagonjwa majumbani hapa Bombo, Uganda. Wana moyo wa kazi, lakini familia zinalalamika kwamba huzungumza na watoto wa mgonjwa ilhali mwenyewe amelala hapo anasikia, na kwamba maelezo ya dawa huyatoa mbiombio. Tumepata fedha za mafunzo ya siku mbili. Tuwafundishe nini?
Msimamizi, Bombo

JIBU: Ndugu Msimamizi, nakushauri siku hizo mbili zitumike zaidi kwa mazoezi, kwa sababu mhudumu anaweza kuandika daftari zima kuhusu kusikiliza na kesho yake akamkatiza mgonjwa vilevile. Wagawe watatu watatu: mmoja awe mhudumu, wa pili mgonjwa, wa tatu mtazamaji, kisha wabadilishane. Yule anayelala kitandani huku wenzake wakijadili choo chake mbele ya watu atajifunza jambo ambalo mkufunzi hawezi kumweleza kwa maneno.

Zoezi la kwanza liwe kumwuliza mgonjwa mwenyewe, hasa kuhusu maumivu. Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa wa maradhi mazito lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, linajulikana kwa kuwapa wagonjwa mofini ya kunywa, dawa kali ya kutuliza maumivu; lakini kipimo cha dawa hiyo hurekebishwa kwa kufuata maumivu jinsi mgonjwa anavyoyaeleza, na anayesemewa na mwanawe, aliyeshinda kazini kutwa, anaweza kukosa nafuu anayostahili. Kwa hiyo mhudumu aketi, macho yake yawe usawa na ya mgonjwa, aulize, kisha anyamaze asubiri. Aliyepata kiharusi akapoteza usemi aulizwe maswali ya ndiyo au hapana, naye apewe muda wa kuitikia kwa kichwa au kwa mkono.

Kuhusu dawa, swali la “Umeelewa?” waliache kabisa, maana wazee wetu huitikia kwa heshima tu. Waseme: “Mama, naomba unieleze utakavyoitumia dawa hii, nijue kama nimeeleza sawasawa.” Hapo lawama inabaki kwa mhudumu, na mama hajihisi anatahiniwa.

Lugha nayo isipuuzwe. Hapo Bombo nyumba moja huweza kuwa na Kinubi, Kiganda na Kiswahili, na mara nyingi mjukuu ndiye anayeitwa kutafsiri. Kwa habari za chakula hakuna ubaya. Kwa maradhi ya siri si haki kwa mtoto wala kwa bibi yake. Mtafuteni mtu mzima ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali, na mtunze siri hata kwa ndugu wanaogharimia matibabu.

Baada ya mwezi, fuatana na kila mhudumu katika ziara moja, kwa ridhaa ya mgonjwa, na uangalie ni nani aliyesalimiwa kwanza na nani aliyeulizwa hali.